NYUMBA NJEMA SI MLANGO
Wakaazi wa kwanza wa Biliqo na maskani yao

Mwezi uliopita, baada ya sala ya isha, tulikuwa tumeketi barazani watu sita hapa Mombasa, kahawa inazunguka na kashata, maneno yakaja juu ya barabara ile ya kutoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo. Mmoja wetu, mtu mzima mwenye elimu yake na heshima zake, akasema: "Kule hakuna mtu wala mji. Ni jangwa tupu. Ndiyo maana kupitisha barabara si kazi, hakuna nyumba ya kuvunja wala mwenye nyumba wa kulipwa." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilinyamaza usiku ule, kwani si adabu kumbishia aliyekuzidi umri mbele ya watu. Lakini maneno yale hayakunitoka. Leo naomba ruhusa ya wasomaji wa ukurasa huu niyajibu kwa kalamu.

Nayajibu kwa sababu mbili. Ya kwanza, si kweli. Ya pili, sisi watu wa pwani ndio wa mwisho tunaostahili kuyasema, na nitaeleza mbele kwa nini.

Nimefika Isiolo zaidi ya mara moja, na miaka miwili iliyopita, katika mwezi wa Shaaban, nilijaaliwa kufika Biliqo. Biliqo haiko kando ya barabara hiyo tuliyokuwa tukiizungumza. Iko upande wa kaskazini, katika wadi ya Chari, kaunti ndogo ya Merti, katika nchi ya mto Ewaso Nyiro ambao wenyewe Waborana wanauita Waso kwa mkato. Kutoka Isiolo mjini unapanda gari la mizigo, unakaa juu ya magunia ya unga na sukari pamoja na akina mama na watoto wao, mnakula vumbi pamoja mpaka Merti, kisha mnaendelea. Ukifika, macho ya mtu wa pwani hayaoni mji. Huoni mnara mrefu wala ukuta wa matumbawe, wala mlango wa nakshi. Unaona nyumba za mabati zilizotawanyika, skuli, msikiti, maduka machache, na kati yake nyumba za duara zilizojiinamia kama kobe, nyingine zimefunikwa mikeka na majani, nyingine magunia na maturubai.

Nakiri kwamba siku ile ya kwanza nami nilijiuliza moyoni: mji uko wapi? Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi nikangojea nikaribishwe.

Aliyenikaribisha ni bibi mmoja aliyepita miaka sabini, mwenye moja ya zile nyumba za duara. Alikuwa ameketi nje akisuka ukili wa mkeka. Nilipomtolea salamu ya Kiislamu aliitika kwa ukamilifu wake, akaona kofia yangu, akaniita sheikh, jina nisilolistahili. Kijana anayefundisha watoto Kurani pale kijijini ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, maana Kiborana changu ni cha salamu tu.

Nikauliza, kama mtu wa kwetu anavyouliza: "Bibi, nyumba hii ni ya nani?" Nilitaraji jina la mzee wa nyumba. Yule kijana akacheka kabla ya kutafsiri, na bibi naye alipojibu akacheka. "Anasema, sheikh, mwanamume ana nyumba gani? Mwanamume ana ng'ombe. Nyumba ni yangu."

Naam, hapo ndipo somo langu lilipoanza. Kwa Waborana nyumba, mana kwa lugha yao, ni kazi ya mwanamke na ni milki ya mwanamke. Yeye ndiye anayekata miti, anayeikunja, anayeisimika katika duara na kuifunga kwa kamba. Yeye na wenziwe ndio wanaosuka mikeka ya kufunikia, kazi ya miezi mingi. Bibi alinieleza kwamba kwao ndoa haikamiliki bila ya nyumba. Wanawake hukusanyika wakamjengea bi harusi nyumba yake ya kwanza, na miti na mikeka ile ni mali anayokwenda nayo maisha yake yote. Nyumba ikichakaa huongeza mti hapa na mkeka pale, lakini nyumba ni ile ile, kama sisi tunavyobadilisha makuti kila baada ya miaka michache na hatusemi tumehamia nyumba mpya.

Aliniingiza ndani. Inabidi uiname mlangoni, na mtu mrefu kama mimi huinama sana. Ndani mna kiza cha baridi kinachopendeza baada ya jua la nje. Pana meko, pana kitanda cha fito kilichotandikwa ngozi, na upande wa ndani kabisa, mahali pa heshima, pana vibuyu na vyombo vya maziwa vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi, vimebana hata maziwa hayavuji. Vyombo hivyo husafishwa kwa moshi wa mti wenye harufu nzuri, na moshi huo huyapa maziwa ladha na kuyazuia yasiharibike upesi. Nilipoisikia ile harufu nilimkumbuka marehemu nyanya yangu akifukiza mtungi wa maji kwa ubani kule kwetu. Kisha ikaletwa buna, kahawa yenyewe ikiwa nzima na ganda lake, imekaangwa kwa samli. Hailiwi kimya kimya. Mwenye umri hutoa dua, na kila neno la kheri huitikiwa na wote. Mtu wa pwani aliyezoea kahawa ya mdila na dua ya mwisho wa khitima hawezi kujiona mgeni mahali hapo.

Nikauliza juu ya wakaazi wa kwanza. Kwetu ukitaka kujua ni nani walioanza mji, unaonyeshwa nyumba. Lamu watakuonyesha nyumba ya mawe, watakwambia hii ni ya ukoo fulani tangu babu wa babu yao, hizi ndizo zidaka walizoweka vyombo vya Kichina, na boriti hizi ni mikandaa iliyokatwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Pasipo na watu, magofu yanasema. Gedi imesimama msituni bila ya mwenyeji mmoja, na bado dunia nzima inakubali kwamba hapa palikuwa na mji. Lamu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, Gedi mwaka 2024. Sasa bibi huyu wa Biliqo atanionyesha nini?

Alinionyesha mti mmoja wa nyumba yake, uliopinda na kung'aa kwa moshi na mikono. Akasema ule ulikuwa wa mama yake. Mama yake alifika nchi ya Waso akiwa mtoto mchanga, amefungwa juu ya ngamia kati ya miti ya nyumba, wakitoka upande wa Wajir.

Hapa yafaa nieleze historia kidogo. Waborana wa Waso ni tawi la taifa kubwa la Waborana ambao shina lao liko kusini mwa Ethiopia. Wamegawanyika katika pande mbili kuu, Sabbo na Gona, na mtu haoi upande wake. Zamani walitawala visima vya Wajir, lakini kadiri makabila ya Kisomali yalivyosogea kutoka mashariki, ugomvi wa maji na malisho ukawa mkubwa. Serikali ya Kiingereza ikapiga mstari ramani, Msomali abaki huku na Mborana kule. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 sehemu ya Waborana wakahamishiwa nchi ya Ewaso Nyiro katika wilaya ya Isiolo. Na Isiolo mjini kwenyewe, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walikwisha kutua askari wa Kisomali wa Isaaq na Harti waliowapigania Waingereza, wakaanzisha mitaa yao na msikiti. Kwa hiyo mtu akisema Isiolo ilianza jana, ajue kwamba kuna familia mle zina vizazi vinne na vitano.

Katika nchi hii ya Waso ndiko Waborana wengi walikosilimu, kwa mikono ya masheikh na wafanyabiashara wa Kisomali na kwa ndoa na ujirani. Yule kijana mkalimani alinipeleka kwenye chuo chake, wanachokiita duksi. Watoto walikuwa wamekaa chini ya mti, mbao zao mapajani, wakisoma kwa ile sauti ya kupanda na kushuka ambayo mimi niliizoea tangu sijui mkono wangu wa kulia na wa kushoto. Alinionyesha pia mahali pa sala pa zamani, duara la mawe tu, na upande wa kibla mawe yametokeza kidogo kufanya mihrabu. Hapana paa wala ukuta. Nilisali rakaa mbili mahali pale, na sikuwa na shaka kwamba nimo msikitini.

Tena walivyojipanga wale wa kwanza ni mji kamili kwa anayefahamu. Nyumba kadhaa pamoja na mazizi yake zinafanya olla, na olla huitwa kwa jina la mzee wake, abba olla. Basi ukisema olla ya fulani ni kama sisi tunavyosema mtaa wa fulani. Olla ina malisho yake inayoshirikiana na nyinginezo, na malisho yana wazee wanaoamua ng'ombe waende wapi masika na wapi kiangazi. Kisima kina mwenyewe, ndio ukoo wa aliyekichimba mara ya kwanza, lakini kunywesha kuna zamu na ana mtu wake wa kuisimamia zamu hiyo. Haya ni serikali ya mji, ila haikuandikwa mahali.

Sasa ilikuwaje nyumba zilizokuwa zikihama zikakaa? Jibu la swali hili ni la uchungu, na ndilo lililonifanya niandike.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wilaya za kaskazini zilikuwa zimegawanyika juu ya kubaki Kenya au kujiunga na Somalia. Damu ilikwisha kumwagika. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Kila apitaye Wabera Street katikati ya Nairobi anakanyaga jina la mtu huyo, na wengi hawajui. Mwisho wa Desemba ikatangazwa hali ya hatari, vikaanza vile vita vilivyoitwa vya shifta. Mwaka 1966 serikali iliwakusanya wafugaji katika kambi kama za Garba Tulla, Merti na Mado Gashe, wazungukwe na ulinzi, na aliyeonekana nje bila ya ruhusa alihesabiwa shifta. Mifugo haiishi kambini. Iliyofungwa pamoja ilikufa kwa njaa na maradhi, nyingine ilichukuliwa, nyingine ilipigwa risasi. Ng'ombe walipungua, mbuzi na kondoo wakapungua zaidi, na ngamia wa Isiolo walikwisha karibu wote. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalisimamisha vita, lakini sheria za hali ya hatari kaskazini ziliendelea mpaka 1991. Waborana wa Waso wanaziita siku zile daaba, maana yake wakati uliosimama.

Bibi yangu wa Biliqo alikuwa msichana wa miaka kumi na sita hivi. Alizungumza machache juu ya kambi, na sikumlazimisha. Alisema hivi tu: "Ngamia walipokwisha, nyumba ikakaa. Mtu asiye na ngamia atabeba nyumba kwa nini?"

Wasomaji wangu, nimekaa na maneno yale muda mrefu. Sisi tumezoea kufikiri kwamba mtu anayehama akijenga mahali pamoja amestaarabika, amepiga hatua mbele. Kumbe katika nchi ile watu wengi walitulia kwa sababu waliporwa kilichokuwa kikiwabeba. Mwanachuoni wa Kiswidi, Gudrun Dahl, aliandika kitabu juu ya Waborana wa Waso mwaka 1979, na mtu akitaka kuona kwa hesabu jinsi umasikini ulivyoingia katika nyumba zile akitafute. Na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ilisikiliza watu wa Isiolo wakieleza habari za kambi hizo. Haya si uvumi wa barazani.

Nimesema sisi watu wa pwani ndio wa mwisho tunaostahili kusema "jangwa tupu". Sasa nieleze.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi ya pwani. Kila mwenye ardhi alitakiwa alete madai yake na ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa kwa njia hiyo ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Mwenye karatasi alipata. Mwenye mnazi uliopandwa na babu yake, kaburi la babu yake na kisima cha babu yake, lakini hana karatasi, akawa maskwota katika nchi yake. Mpaka leo hakuna mtaa wa pwani usio na familia yenye kisa hiki. Kwetu sisi nyumba ya nyanya yangu, ya udongo na makuti, ilivunjwa asubuhi moja na watu waliokuja na karatasi ya bwana ambaye hatukupata kumwona. Walimwambia nyanya kwamba hapa hapakuwa na nyumba, pana kibanda. Neno hilo moja ndilo lililomtoa. Nyumba hulipwa, kibanda hufagiwa.

Na si sisi tu. Marekani, mwaka 1862, ilipitishwa sheria ya kumpa mtu eka 160 za nchi ya magharibi kwa sharti ajenge nyumba, alime, na akae miaka mitano. Leo katika vijiji vingi vya upande ule utaonyeshwa nyumba ya mbao ya familia ya kwanza, imetiwa kibao, inatembelewa na watoto wa skuli. Lakini nchi ile ilikuwa na wenyewe. Wahindi Wekundu wa mbuga zile waliishi katika mahema ya ngozi ya nyati, yaliyoshonwa na kumilikiwa na wanawake wao na kuhamishwa wakifuata wanyama. Hema halikuhesabiwa nyumba, na aliyekaa ndani yake hakuhesabiwa mkaazi. "Wa kwanza" akawa yule aliyekuja na misumari.

Hebu nasi tuliosoma chuoni tukumbuke. Katika Suratun-Nahl, aya ya themanini, Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala anahesabu neema zake kwa waja. Anataja kwamba ametujaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, na mara moja baada ya hiyo anataja nyumba za ngozi za wanyama, zilizo nyepesi siku ya kusafiri na siku ya kutua. Zote mbili ziko katika aya moja, na zote mbili ni nyumba. Nyumba ya mawe ya Lamu na nyumba ya mikeka ya Biliqo zimetajwa pamoja kwa jina moja na Muumba wa wenye nyumba. Sasa ni nani aliyetupa sisi ruhusa ya kuiita moja mji na nyingine jangwa?

Jambo hili lina uzito wake leo hii. Tangu Katiba ya 2010, na hasa tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ardhi iliyokuwa ikishikwa na mabaraza ya wilaya kwa niaba ya wananchi inaweza kuandikwa kwa jina la jamii yenyewe. Jamii hukutana, hujiandikisha, huchagua kamati ya watu saba mpaka kumi na tano, na hupata hati. Jamii isiyojiandikisha hubaki mlangoni huku wengine wakipanga ndani. Watu wa Biliqo wanalijua hilo. Baadhi ya wananchi wa nchi ile walikwenda mahakamani mwaka 2021 juu ya hifadhi ya wanyama iliyoundwa katika malisho yao, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi hiyo ilianzishwa kinyume cha Katiba. Sitaki kuingia katika kesi. Wako waliofaidika na kazi na ulinzi wa hifadhi, wako waliodhurika, na wote ni watu wa nchi ile. Ninachosema ni kwamba kesi za namna hii haziendi kwa machozi. Zinataka ushahidi: nani alikuwa hapa, tangu lini, alikaa vipi, alinywesha wapi, alizika wapi. Na ushahidi wa Biliqo umo katika vichwa vya wazee wanaoondoka mmoja mmoja.

Tena sisi tumeonja faida ya ushahidi huo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu, watu kama 4,600, walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari mpya. Bahari haina ukuta wala hati. Mvuvi hana nyumba juu ya mawimbi. Lakini mahakama ilikubali kwamba watu waliotumia maji yale kizazi baada ya kizazi wana haki na utamaduni unaostahili kulindwa. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Basi nyasi za Waso nazo ni bahari ya wenzetu.

Hapa lazima nitie angalizo, nisije nikaeleweka vibaya. Neno "wa kwanza" lina sumu yake. Nchi ile ina Waborana, Wasakuye, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru, na kila mmoja ana hadithi ya alivyotangulia. Watu wameuana kwa ajili ya hadithi hizo, na Biliqo imezika watoto wake. Tunapowataka wazee waseme habari za familia zilizoanza, haja ni kumlinda mtu asifukuzwe kwake, wala haja si kumfukuza jirani. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba watu ni washirika katika mambo matatu: maji, malisho na moto. Na sheria ya kisima ya Waborana inasema karibu hivyo hivyo, kwamba mwenye kisima yuko, lakini mwenye kiu hapigwi teke.

Wala sisemi watu wabaki katika nyumba za mikeka ili wageni waje wapige picha. Bati halivuji, na mwanamke aliyechoka kusuka ana haki ya kupumzika. Lakini nilimsikia bibi akilalamika jambo ambalo sikulifikiria. Nyumba ya bati hujengwa na fundi mwanamume kwa fedha ya mwanamume, basi ikisimama inaitwa ya mwanamume. Mabinti zake wanaolala chini ya bati hawana nyumba tena. Wanakaa katika nyumba ya mtu. Akiachwa leo, nyanya yake angefungua miti yake akaondoka na nyumba yake. Yeye ataondoka na nguo zake. Haya ni mageuzi makubwa yaliyopita bila ya mkutano wala tangazo.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa kaunti ya Isiolo na kwa jamii yenyewe. Katika kuandikisha ardhi ya jamii, yaandikwe pia majina ya olla za kwanza, visima na waliovichimba, makaburi, na mahali pa sala pa mawe. Na wanawake waandikwe kwa majina yao kama wenye nyumba, wasimezwe katika majina ya waume. La pili ni kwa wakuu wa makumbusho yetu ya taifa. Wamefanya kazi njema Lamu na Gedi. Sasa wakae na akina mama wa Merti na Biliqo, wajengewe nyumba moja kamili, kila mti na kila fundo liandikwe jina lake kwa Kiborana, pamoja na majina ya waliojenga. Kazi hiyo ifanywe sasa, maana wanaojua hawaongezeki.

La tatu ni kwetu sisi. Tuna vijana wa Isiolo wanaosoma katika vyuo vyetu vya pwani, tunasali nao safu moja. Tuwaulize kwao kukoje. Tuache kuwauliza kama wana mvua tu.

Siku niliyoondoka Biliqo lori lilichelewa, nikarudi kumwaga bibi mara ya pili. Alikuwa ameufungua upande mmoja wa nyumba yake, anatengeneza. Ule mti wa mama yake ulikuwa umelala chini, anaupaka samli ili usipasuke. Nikamwambia kwa mkalimani kwamba nitaandika habari za nyumba yake gazetini, kwa Kiswahili, watu wa pwani wasome. Akafikiri kidogo, akauliza: "Na hao wa pwani, nyumba zao ni za nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwombea dua, naye akaniombea, nikapanda lori.

Barazani nitarudi Ijumaa hii, inshallah, na nitakwenda na gazeti hili mkononi.